Eksi Kwenye Mkuyu

Watu wa bondeni walikuwa na majina mengi ya kumwita Bahiya binti Abdulhadi, na hakuna hata moja alilolipenda. Wapo waliomwita Bi Majani. Wapo waliomwita Mwarabu wa Miti, ingawa yeye alizaliwa Buguruni, mama yake alizaliwa Buguruni, na Uarabuni kwenyewe hajawahi kutia mguu. Huku juu barabarani majirani walimwita Mama Suhaib, kwa jina la mwanawe mkubwa. Jina hilo la heshima halikuwahi kushuka kilima.

Naye Bahiya hakuwa mtu wa kubembeleza. Marehemu mumewe Nasser alimwachia duka la unga, mafuta ya kupikia, misumari na rangi, kwenye kona ambapo njia ya vumbi inaiacha barabara ya Kinyerezi na kuteremka mtoni. Ukimpunja dukani angeweza kukunyamazia. Lakini ukitupa nepi mtoni naye anakuona, ungesimuliwa habari za ukoo wako kuanzia babu wa nne, tena kwa sauti ya kufika ng'ambo.

Mapenzi yake kwa bonde lile yalianza siku alipoletwa bibi arusi. Buguruni alikokulia, kijani alichokijua kilikuwa rangi ya mlango wa msikiti na mafungu ya mchicha sokoni. Asubuhi yake ya kwanza Kinyerezi aliteremka kuangalia mto, akaukuta mkuyu. Shina lake lilikuwa pana kama kibanda, mizizi imeushika ukingo kama vidole vya mtu anayeogopa kuanguka, na katikati ya mizizi chemchemi ikitoka taratibu, maji maangavu. Juu, ndege wa kijani waitwao ninga walikuwa wakila makuyu na kuangusha makombo. Bibi arusi alikaa pale na kanga zake mpya hadi Nasser alipokuja kumtafuta, akidhani ametoroka.

Miaka ikapita, mto ukageuka jalala, nao ukingo ukawa unamegwa kila masika. Bahiya akaanzisha Kikundi cha Mazingira Chemchemi pamoja na Margareta, mwanamke wa Songea aliyepanga chumba kwenye nyumba ya jirani nyuma ya duka, na wenzao wachache wa huku juu. Kila Jumamosi ya usafi walishuka na reki na viroba, wakazoa plastiki, wakapanda mianzi kingoni. Shukrani waliyopata ni maji ya vyombo kumwagwa mbele ya miguu yao. Mianzi waliyoipanda Jumamosi, Jumatatu iling'olewa na kulazwa njiani, imepangwa vizuri, mizizi ikielekea dukani kwa Bahiya.

Chuki ile ilikuwa na asili yake. Miaka ya bomoabomoa, wapimaji walipita bondeni na makopo ya rangi nyekundu wakachora X kwenye kuta. Watu waliambiwa kwamba nyumba zile zinaharibu mazingira. Kisha tingatinga likaja. Tangu siku hiyo, ukitamka neno mazingira kule bondeni, ni sawa na kumtaja mchawi msibani. Tena kulikuwa na jambo jingine. Wapimaji wale, jua lilipowazidi, walikuwa wakipanda hadi kwenye benchi la Bahiya na kununua soda. Yeye aliwauzia soda, basi. Lakini watu wa bondeni waliwaona wakicheka pale kivulini, wakajumlisha wenyewe.

Aliyejumlisha kwa uchungu kuliko wote alikuwa Benedikto, fundi wa kuchonga kutoka Newala, anayetengeneza vinu, ngoma na vigoda. Nyumba yake ya matofali ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kuanguka. Akajenga banda la mabati hatua chache juu ya pale ilipokuwa, na kila alipomwona Bahiya akipita na reki yake, aliacha patasi na kutema mate pembeni, bila haraka, kama mtu anayetimiza ratiba.

Mwaka huu miti ya bondeni ilianza kukatwa. Leo mwarobaini, kesho mzambarau. Ukiuliza nani, kila mtu alikuwa safarini. Kikundi kikakutana kwenye benchi la duka.

"Tuiwekee alama iliyobaki," Bahiya akasema. "Mtu akifika na shoka lake ajue mti huu haukatwi."

"Tuandike USIKATE," Margareta akashauri.

"Kwenye gome la mkuyu? Herufi zitachuruzika zisomeke KATE. Sie tutaweka alama ya kukataza. Mwalimu wako alipokukosoa daftarini alikuwa anaweka nini?"

"Mkasi. Eksi."

"Haya. Maana yake si usifanye tena?"

Ndani kulikuwa na kopo la rangi lililobaki walipopaka milango ya duka. Rangi yenyewe ilikuwa nyekundu. Wote waliokaa kwenye benchi lile walikuwa watu wa huku juu. Hakuna hata mmoja ambaye ukuta wake uliwahi kuchorwa. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Wakashuka saa za jua kali, wakati watu wa bondeni wako kwenye vibarua vyao, wakapiga X kwenye mikwaju, kwenye mizambarau, na mwisho, kubwa kuliko zote, kwenye mkuyu. Bahiya aliichora hiyo kwa mkono wake, akarudi nyuma kuitazama, akaridhika. Kopo wakalisahau kwenye mizizi.

Siku iliyofuata, Bahiya akiwa anapima unga, akasikia mngurumo kutoka bondeni. Hakumaliza kupima. Alivaa ndala zisizofanana, Margareta akamfuata nyuma, wakateremka mbio.

Mkwaju wa kwanza ulikuwa umelala. Mizambarau ilikuwa visiki, na watu walikuwa wakivuta matawi kwa furaha kama walioitwa kwenye karamu. Penye mkuyu alisimama Albano, kijana wa Segerea mwenye msumeno wa injini, na kando yake Benedikto akipapasa shina kwa kiganja, akipima kwa macho zitatoka ngoma ngapi. Msumeno ulikuwa umeshaingia. Jeraha jeupe lilikuwa likitoa utomvu kama maziwa.

"Zima hiyo takataka," Bahiya akasema.

Albano akaizima, akavua kofia. "Shikamoo mama."

"Marahaba haikuhusu. Nani amekutuma?"

"Mama, usinikasirikie mie. Miti imepigwa eksi. Kitu kikipigwa eksi si kinaondoka? Fundi kaniita, kasema serikali inaiondoa, tuwahi wenyewe kabla hawajaja na magari yao."

Benedikto hakugeuka. Aliendelea kulipapasa shina. "Mwambie bibi huyo, hata miti sasa imefikiwa. Zamani tulikuwaga peke yetu. Nyumba yangu ilipigwa eksi, mie nikaambiwa nisilie, sheria. Haya, leo zamu ya ndugu zake. Mpe kiti akae alie."

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa amebeba tawi akadakia, "Mpe na soda."

Kicheko kikazidi. Bahiya akahisi mkono wa Margareta ukimshika kiwiko na kumvuta. "Mama Suhaib, twende tukamwite mwenyekiti wa mtaa," Margareta akanong'ona. "Usiseme kitu hapa. Nakuomba."

Bahiya alielewa vizuri anachoombwa. Kumfuata mwenyekiti na kurudi naye kungechukua muda, na msumeno ungemaliza kazi kabla hawajafika kwenye lami. Njia ya kuuzuia pale pale ilikuwa moja, kusema ile rangi ni ya nani. Lakini kwa miaka yote hii watu hawa walikuwa wakimshuku kwamba ndiye aliyewaonyesha wapimaji nyumba za kuchora. Hawakuwa na ushahidi. Sasa alitakiwa awape ushahidi yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, wa kosa ambalo hakulifanya.

Aliinua macho. Ninga walikuwa wamehamia kwenye nguzo ya umeme, wamejipanga kimya.

"Si ya serikali," akasema.

"Unasemaje?" Albano akauliza.

"Hiyo eksi. Si ya serikali. Mie ndiye niliyeichora. Nilitaka kusema mti usikatwe."

Hakuna aliyecheka safari hii. Albano alimtazama Benedikto, akautazama msumeno wake, kisha akaanza kuufuta kwa kitambaa. "Basi fundi, mie najitoa. Kukata mti wa mtoni bila kibali, wakinikamata wanachukua mashine. Mashine ndiyo mke wangu na watoto wangu."

"Wewe kata," Benedikto akasema.

"Kata wewe kwa patasi." Albano akauweka msumeno begani. Alipompita Bahiya akainamisha kichwa, lakini hakusema kwaheri.

Ndipo Benedikto alipogeuka. Alikuwa mtu mfupi, vumbi la mbao kwenye nyusi, na aliongea kwa sauti ya chini iliyowalazimu wengine kusogea.

"Kumbe kopo la rangi unalo wewe."

"La mlango wa duka langu, Benedikto. Waulize wenzangu."

"Sikuulizi la mlango. Unajua eksi inaandikwaje, unajua inawekwa wapi, unajua saa ya kupita watu tusipokuwepo. Nani alikufundisha?"

"Mwalimu wa shule ya msingi."

"Unatutania." Akaokota kopo lililokuwa kwenye mizizi, akalitikisa, likasikika bado lina kitu. "Usikatwe, unasema. Eksi maana yake usikatwe. Bondeni humu, mbele ya macho yetu. Wewe mama hujawahi hata siku moja kuamka ukaikuta ukutani kwako, ndiyo maana unaandika kama mtoto anayechezea mkaa."

Bahiya akaitazama X yake kwenye gome. Alilosema Benedikto lilikuwa kweli. Uongo wao angeuvumilia; ukweli huo mmoja ndio uliomchoma.

"Basi nimekosea alama," akasema. "Nyumba zenu sikuzigusa. Na mti huu hamuukati."

"Hatuukati," Benedikto akajibu. "Tutautunza. Wajukuu wakiuliza nani alitubomolea, tuwaonyeshe sahihi yake."

Akaondoka na kopo.

Habari ilipanda kilima kabla ya Bahiya. Jioni ile ile mteja mmoja aliyekuwa akinunua unga kwake tangu enzi za Nasser alipita na mfuko wa duka jingine, akiushika upande wa duka la Bahiya makusudi ili auone. Wanakikundi waliacha kuja mmoja mmoja, kila mmoja na maradhi yake. Margareta alikuwa wa mwisho, na walau huyo alisema ukweli.

"Mie mpangaji, Mama Suhaib. Mwenye nyumba ana dada yake bondeni. Kaniambia nichague, chumba au kikundi."

"Umechagua vizuri," Bahiya akamwambia, na wala hakumtazama.

Akawa anashuka peke yake. Alikanda udongo wa kichuguu na kinyesi cha ng'ombe, akaliziba jeraha la mkuyu kwa viganja, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayekandika ukuta. Wanawake walifika kuchota maji chemchemini, wakachota, wakapita. Mbele ya banda lake, Benedikto alitema mate kwa wakati wake. X ile kubwa haikutoka. Gome lilikuwa limeinywa rangi.

Asubuhi moja Ismail, mpwa wake anayemsaidia dukani, alimgongea dirisha. Alikuwa na matambara mkononi na chupa ya mafuta ya taa.

"Shangazi, usitoke kwanza. Nafuta kitu."

Bahiya akatoka. Kwenye ukuta wa duka, kutoka usawa wa kizingiti hadi karibu na paa, palikuwa na X nyekundu, imechorwa na mtu mwenye mkono imara, mstari umenyooka kama wa patasi. Majirani wa barabarani walikuwa wamesimama upande wa pili, mikono kifuani. Hakuna aliyevuka.

Akausogelea ukuta. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliamka akaikuta ukutani kwake. Akainusa. Akaigusa kwa kidole.

"Rangi yangu hii," akasema. "Wameichanganya na petroli, ndiyo maana inachuruzika."

"Basi sogea niifute, shangazi."

"Iache. Ukiifuta watajua imeniuma." Akajipangusa kidole kwenye kanga. "Fungua duka."

"Nani atakuja leo?"

"Nimesema fungua." Naye akaingia ndani kuchukua ndoo yake ya udongo wa kuuziba mkuyu.