Mlinzi wa Jengo la Daraja la Sita

Evelio Chaparro alijaza fomu ya chuo ya binti yake kwa mkono wake mwenyewe, na hapo ndipo alipokosea. Penye anuani aliandika ya jengo analolilinda, kaskazini mwa Bogotá. Angeweza kuandika ya dada yake, kule mlimani kusini, ambako lami inaishia kituo cha basi. Lakini alikuwa amekaa katika jengo lile miaka kumi na tisa, na alipenda jinsi makarani walivyoinua macho wakisoma jina la mtaa.

Alikaa nyuma ya gereji, chumba kimoja kisicho na dirisha, kando ya pampu ya maji. Binti yake, Yurani, alikulia humo, na mama wa Yurani alifia humo. Kengele ikilia usiku wa manane, Evelio aliamka kufungua lango. Hakulipwa kwa hilo, maana chumba kilikuwa cha bure.

Kwetu kila nyumba ina daraja lake, la kwanza la maskini hadi la sita la matajiri, na daraja huandikwa kwenye bili ya umeme. Walio chini hulipa kidogo, walio juu huwajazia. Chuo nacho hupanga ada kwa bili hiyohiyo. Yurani alipofaulu kuingia uhandisi, karatasi ya ada ilikuja na daraja la sita.

"Baba, tumekuwa matajiri," alisema. Hakucheka.

Mama wa dirishani pale chuoni hakuwa na la kuwasaidia. "Binti, mimi nasoma kilichoandikwa. Nileteeni barua kutoka kwenye jengo, ieleze makazi yenu. Mwisho Ijumaa saa sita. Ikipita hapo, nafasi anapewa mwingine."

Mwenyekiti wa wenye jengo alikuwa Urdaneta, mwenye orofa mbili za juu na mashamba ya maua yanayosafirishwa kwa ndege. Hajawahi kumtibu mtu, lakini sote pale jengoni tulimwita Daktari, kama wanavyoitwa watu wa aina yake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Mama Yurani alipofariki, yeye ndiye aliyelipia jeneza.

"Barua hiyo siwezi, Evelito," alisema kwa upole, akilidekeza jina la Evelio. "Kwenye ramani ya jengo kile chumba ni stoo. Nikiandika kwamba watu wanalala mle, manispaa itanijia juu, halafu wakili mmoja ataanza kuuliza habari za zile saa za usiku. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Daktari."

"Ila nyingine naweza. Niandike kwamba wewe ni mlinzi wa mchana tu, na kwamba wewe na binti yako hamjawahi kuishi hapa. Daraja la sita litawatoka. Lakini muwe mmeshahama, na wewe utie sahihi chini ya yangu."

Evelio alishuka akamweleza binti yake. Yurani alisikiliza mpaka mwisho.

"Na usiku wote ule ulioamka, baba? Ukitia sahihi, hutaweza kudai hata siku moja."

"Nani alikuwa anadai?"

"Mimi ningekudaia! Na nimekulia wapi basi? Hewani?"

"Yurani."

"Mama alifia wapi?"

Pampu ilikuwa inanguruma ukutani. Evelio alipiga magoti, akaanza kuviringisha godoro.

Alhamisi mchana shemeji yake alikuja na pikapu. Walipakia godoro, jiko la gesi na cherehani ya marehemu. Mama mmoja wa orofa ya tatu alichungulia kutoka roshani. "Evelito, msinizibie njia, mwanangu anarudi kutoka mazoezini!" Wakasogeza gari. Daktari aliteremka mwenyewe na barua iliyochapwa kwenye karatasi nzito, akampa Evelio kalamu yake, na Evelio akatia sahihi juu ya boneti.

Ijumaa asubuhi walikuwa wa kwanza kwenye foleni, na barua ile pamoja na bili ya umeme ya dada yake Evelio, walikohamia. Yule mama wa dirishani alisoma polepole.

"Kumbe hamkuwahi kukaa pale! Sasa mliandika anuani ya watu kwa nini? Mnapenda makubwa, nyie."

Yurani alifungua kinywa. Baba yake alimshika mkono juu ya kiwiko, akaukaza.

"Ni mimi, mama," Evelio alisema. "Nilitaka kujikweza. Utusamehe."

"Haya. Siku nyingine useme ukweli, mzee."

Alifuta sita, akaandika moja, akagonga muhuri. Yurani alikuwa mwanafunzi. Karatasi ilisukumwa chini ya kioo na hakuna aliyeichukua.

"Sema asante," Evelio alimwambia binti yake.

Ilimchukua muda.