Mikwara ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa mwalimu mkuu, na kwa mtu wa aina yake kustaafu maana yake ni kuacha kupokea mshahara tu. Nyumbani kwake Katubuka mpaka leo tunakaa kwa kupangwa. Kila Jumapili baada ya kanisa, sisi wakwe zake watatu tulikuwa tukicheza naye poka barazani, dau likiwa punje za maharage. Mchezo huo uliletwa na mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, aliyejifunza huko machimboni. Siku ya kwanza nilipoketi aliniinamia akaninong'oneza: mzee akipandisha dau, tupa karata zako ujitoe, na usiulize.

Nikatupa. Nimetupa karata nzuri mpaka roho ikaniuma. Mzee alipiga mkwara akiwa na karata za ovyo, sisi tukainamisha vichwa kama darasa la tatu, naye akazoa maharage yake huku akitufafanulia jinsi ya kusoma akili ya binadamu. Tuliitikia.

Kisha akanunua simu kubwa, akaukuta mchezo uleule mtandaoni, tena wa pesa. Kiinua mgongo chake kilichobaki kilikuwa cha injini ya boti la mama mkwe, anayefanya biashara ya dagaa pale Katonga, ufukweni mwa ziwa. Injini ya zamani ilishakufa, lakini ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazaliane, hivyo hapakuwa na haraka. Mzee akaona pesa inakaa bure.

Meza ya dau dogo ilimtia hasira. Akipiga mkwara, wanamfuata kwa dau lilelile. Watu wenye picha za paka mahali pa sura, asiojua hata wako nchi gani, walimfuata hadi karata ya mwisho na vijozi vyao vya karata za mbili, wakachukua. Mwingine angejiuliza kama anaujua mchezo. Yeye alijiuliza kuhusu malezi yao. Alitueleza, kwa huzuni ya kweli kabisa, kwamba meza ndogo imejaa wahuni wasioelewa wanachotishiwa, na kwamba wakati wa mtu kupanda meza ni pale walio chini wanaposhindwa kumwelewa. Mwanyumba, ambaye machimboni alifundishwa kwamba mtu hupanda baada ya kushinda, alikohoa. Ikaishia hapo.

Basi akapanda. Siku za mwanzo watu wa huko walitupa karata kila alipotisha, na mzee akatununulia soda. Wiki haijaisha wakawa wameshamjua, wakala nusu ya injini.

Jumapili iliyofuata akatutangazia, kwa sauti ya kusomea matokeo ya mtihani, kwamba kosa amelipata: hata pale bado ni pa chini. Nusu iliyobaki ataipeleka meza ya juu kabisa, kwa waungwana. Akanigeukia mimi, anayeniita mkwe msomi, akaniuliza naonaje. Mama mkwe alikuwa pembeni akichambua dagaa wake wa akiba. Ziwa lilikuwa karibu kufunguliwa. Niliogopa, siwezi kusema uongo, na hasira nayo ilikuwepo.

"Baba," nikasema, "sisi tulikuwa tunakuachia."

"Mnaniachia nini?"

"Ushindi. Mimi tangu nilipooa."

Akatutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyeinua uso, na nadhani hiyo ndiyo mara pekee aliyotusoma sawasawa. Akamgeukia mkewe, akamuuliza kama amesikia utovu wa adabu wa hawa watoto.

"Nimesikia," mama mkwe alisema, bila kuacha kuchambua. "Ni mimi niliyewaagiza. Ulikuwa ukishindwa huli."

Mama mkwe akakung'uta vumbi la dagaa, akanyoosha mkono apewe simu.