Bango Lenye Nembo Kumi na Moja

Nilikuwa mratibu wa utafiti wa uvimbe wa ubongo kwa watoto, yaani nilipanga mikutano. Majirani zangu wa mtaa wa Kayole, Nairobi, waliniita daktari, na sikuwakatalia kwa bidii.

Swali letu lilikuwa moja: mbona watoto hawa hufika hospitali wamechelewa? Kamati ilikutana mara mbili kulijadili, na mara zote mbili tukajadili jina la mradi.

Mkutano wa tatu tuliagizwa tualike mzazi. Nikamleta mama anayeuza supu ya vichwa vya mbuzi katika soko la Kiamaiko. Binti yake alikuwa amepasuliwa kichwa, akapona, ila jicho moja halioni vizuri. Kwenye ratiba nilimpa kazi moja tu: maombi ya kufungua.

Aliomba vizuri. Baada ya amina hakuketi.

"Mnasema tulichelewa," alisema. "Mtoto alitapika kila asubuhi, nikampeleka zahanati. Wakasema minyoo. Akaumwa kichwa, wakasema malaria. Akaanza kuyumba kama mlevi, wakasema anadeka. Mimi niliwahi kila mara."

Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake, akauliza kama chai iko tayari.

Nilimfuata nje kumwomba radhi. "Daktari," akaniambia, "andika dalili hizo tatu kwenye karatasi, ubandike zahanati."

Kamati ililipenda wazo hilo mno, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Kila mfadhili alitaka nembo yake ionekane. Bango lilitoka kwa mchapaji likiwa na nembo kumi na moja, picha kubwa ya mwenyekiti akitabasamu, na dalili zenyewe chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa.

Nilimpelekea yule mama nakala kibandani. Aliitazama kwa makini.

"Mgonjwa ni huyu mzee?"

Kisha akaigeuza, akaomba kalamu. Nikayaleta mabango yote, na kwa siku mbili tukaandika nyuma yake, juu ya meza yake ya supu: anatapika asubuhi, kichwa hakiachi kuuma, anayumba akitembea, mpeleke hospitali kubwa; na chini yake namba yangu ya simu. Tukayasambaza wenyewe, mengine yakiwa na mafuta.

Baada ya miezi kadhaa mhudumu wa zahanati moja ya Kayole alinipigia simu. Alikuwa na msichana anayeyumba, ampeleke wapi? Nilimwelekeza, na mtoto akapasuliwa wiki hiyohiyo.

Nilikimbia Kiamaiko kutoa habari. Yule mama alifunika sufuria, akakaa.

"Anaitwa nani?"

Nilijua umri wake, uzito wake na ukubwa wa uvimbe. Jina sikuwa nimeuliza.