Chokea ya Mama Gibson

Ijumaa hiyo Mama Gibson aliamka ukope wa jicho la kulia umevimba kama harage. Aliukanda kwa kitambaa cha maji ya moto, kisha akapeleka ndizi zake mbivu sokoni Magwagwa. Jua likitua Sabato ingeingia, na kufika Jumapili ndizi zile zingekuwa za ng'ombe.

Alianza biashara na mkungu mmoja wa kukopa. Miaka ishirini sasa, akishasema bei ya mwisho, hapunguzi. Mteja ukimpunguzia leo, husema, kesho anakuja na mdomo mrefu zaidi.

Hadi saa nne hakuwa ameuza hata kichane. Watu walimtazama jicho, wakavuka kwenda kwa jirani. Alijua sababu. Sokoni pale waliamini jicho huvimba hivyo ukimnyima mjamzito alichotamani, na siku ya Jumanne Nyakerario, fundi cherehani mwenye mimba ya miezi saba, aliomba kupunguziwa akaondoka mikono mitupu. Njiani hakunyamaza.

Mwalimu Obwocha, mstaafu wa Kiswahili, alipopita alimwambia kwamba ugonjwa wake unaitwa chokea, yaani kijipu cha ukope. Mama Gibson akauliza neno hilo limetoka wapi. Mwalimu akasema wapo wanaokisia ni jicho lililochoka, ila kukisia si kujua. Kamusi yake ilitaja maana tu. Asili haikuitaja, wala uchoyo, wala wajawazito.

"Basi watangazie hawa, Mwalimu."

Mwalimu akatangaza kwa sauti ya darasani. Watu walimsikiliza kwa heshima, wakamaliza, wakaenda kununua kwa jirani.

Mama Gibson akaona kamusi haiuzi ndizi. Akamwita Nyakerario kutoka kibandani kwake, akamkalisha mbele ya meza, soko lote likiona. Nyakerario alikula ndizi tatu bila haraka.

"Umeniachilia sasa?"

"Bado ya nne, mama, ndiyo jicho lishuke."

"Tatu, mwanangu. Bei ya mwisho."

Soko likaangua kicheko. Hapohapo Mama Gibson akatangaza: kila mjamzito ndizi moja ya bure, ailie hapohapo. Walikuja, na hawakuja peke yao. Waliletwa na waume na mama wakwe, na hakuna mama mkwe atakayesimama mbele ya mkaza mwanawe akila cha bure, yeye aondoke bila kununua. Hata Ochoki wa buchari alikuja akipapasa kitambi. Akaambiwa alete kadi ya kliniki.

Saa kumi meza ilikuwa tupu. Mama Gibson alipokuwa akikunja gunia, Nyakerario akamsogelea, akamkagua ukope.

"Mama, mbona haijashuka?"

"Haijashuka. Nyamaza mpaka Jumapili. Nina mikungu minane inaiva."