Theluji ya Getini kwa Babu

Binti wa mdogo wangu alikuwa amewaambia wenzake wa darasa la kwanza, huko Dar, kwamba Krismasi anakwenda kwa babu yake, mahali penye theluji. Mama yake alinipigia simu huku akicheka.

"Wifi, jiandaeni. Huyu ameshadai anunuliwe glavu."

Simu ile ilinikuta Masama, chini ya mlima, nyumbani kwa wazazi wangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kule Rau, na shule zikifungwa hupanda nyumbani. Mwaka huo nilipanda siku ileile tuliyofunga, kwa sababu ya Baba. Miezi tisa nyuma alikuwa amepata kiharusi. Mguu ulirudi, japo kwa fimbo. Mkono wa kulia ukabaki mzito, na maneno yakawa yanamchelewa. Baba yangu ameongoza wageni mlimani kwa zaidi ya miaka ishirini, na waliopanda naye husema alikuwa hanyamazi kuanzia geti la hifadhi hadi kileleni. Sasa alikaa barazani kutwa nzima, anaitikia kwa kichwa. Watu wakimwamkia shikamoo, Mama ndiye aliyemjibia.

Nilimweleza Mama habari za mjukuu wake.

"Theluji si ile pale juu?" alisema, akielekeza kisu alichokuwa anamenyea ndizi. "Ataiona."

"Ana miaka saba, Mama. Yeye anadhani iko hapa uani."

"Basi aambiwe ukweli. Mimi nimezeeka chini ya huo mlima na sijawahi kuishika."

Alisema kweli. Lakini nilimfikiria yule mtoto na glavu zake, nikaenda stoo. Kulikuwa na vipande vya mbao vilivyobaki tulipokarabati zizi. Mimi si fundi, ila msumeno wa Baba ulikuwa bado unakata. Kwa siku mbili nilikata miti mitatu yenye ncha juu, ile ya kwenye kadi za Krismasi, na kijumba kimoja chenye paa la mteremko. Nikapiga msasa, nikapaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye madirisha, nikavisimamisha karibu na geti, mbele ya ua wa mimea ya masale. Kisha nikachukua pamba na gundi, nikaanza kuvivisha theluji. Kila tawi nililivika sawasawa, kushoto na kulia.

Kutoka barazani nikasikia, "Si... si..."

"Si nzuri?" nikamsaidia.

Baba akatikisa kichwa kwa hasira. "Si..."

"Si sawa? Si hapa?"

Akapiga fimbo sakafuni. Nikaacha kubahatisha. Akahema, akafumba macho, na baada ya muda ulionitia aibu akasema, "Haikai hivyo. Upepo."

Akainuka. Alishuka ngazi mbili za baraza mwenyewe, Mama akiwa ameacha ndizi na kusimama mlangoni, mkono mdomoni. Baba alipofika kwenye mti wa kwanza akabandua pamba yote ya upande wa kushoto, akaniashiria niiongeze upande wa pili. Nilielewa: upepo huisukuma theluji, ikalala upande mmoja ikawa nene, upande mwingine ubao ukabaki wazi. Kwenye paa la kijumba akataka izidi ukingoni, ining'inie kidogo.

Pamba ikatuishia. Mama, ambaye hakutaka mambo haya, akatoka na ule ubao mweupe mwepesi wa povu uliokuja kuikinga televisheni ndani ya boksi lake. Tulitoboa kopo kwa misumari, tukaukwaruza hapo mpaka ukawa chembechembe. Baba alizinyunyiza juu ya gundi kwa mkono wa kushoto. Kisha akakunja uso, akasema, "Asubuhi... inang'aa." Akaingia jikoni, akarudi na chumvi, akainyunyiza juu.

Ilipendeza kweli. Majirani waliopita walisimama. Lakini kesho yake, siku moja kabla ya wageni kufika, Mama alimfungua ng'ombe ili asafishe zizi, na tulipogeuka ng'ombe alikuwa getini, amekita miguu, analamba paa la kijumba kwa ulimi wote. Mama alimkimbilia na ufagio akipiga kelele kwa Kichagga. Ng'ombe akahamia kwenye mti wa pili. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu ambayo sikuwa nimeisikia tangu ugonjwa uingie. Baba alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akalazimika kuketi kwenye ngazi, na Mama, aliyekuwa amekasirika, akaja akaketi naye, ufagio ukiwa bado mkononi.

Tulirudia theluji yote mchana ule, bila chumvi.

Mtoto alifika na glavu zake mkononi. Aliitazama miti, akavaa glavu, akazivua tena. Akabonyeza paa kwa kidole.

"Mbona si ya baridi? Babu, hii si theluji."

Mdogo wangu akafungua mdomo kumtetea Baba. Nikamshika mkono.

"Siyo," Baba alisema. "Ya kweli iko... iko..." Neno likakwama. Sisi wakubwa wote tulikuwa nalo tayari. Mtoto hakuwa na haraka. Aliketi chini mbele ya miguu yake, akamtazama mdomo, akangoja kama mtu anayengoja maziwa yachemke.

"Iko juu," Baba akamaliza. "Ukiikanyaga inalia. Kama... kama sukari."

"Wewe umeikanyaga?"

"Mara nyingi."

"Nielezee yote."

Ikawa kazi ya alasiri nzima. Alisimulia kwa vipande, akikosea, akirudi nyuma, na akimuuliza mtoto kama amechoka. Mama akatoka kutuita, mtori wa ndizi umeiva. Akaona jinsi walivyokaa. Akatutolea bakuli zetu nje, moja moja, akavuta kigoda naye akasikiliza. Katika simulizi yake Baba alikuwa amefika penye mwamba wa kwanza, na kwa namna alivyokuwa anakwenda, kileleni kulikuwa bado mbali.