Mstari Niliousoma Bila Kuuandika

Mjini kwetu mtu husamehe kutoalikwa harusini. Kuachwa kwenye tangazo la kifo hasamehi. Nimemwona kwa macho yangu mtu mzima mwenye wajukuu akikataa kushika jembe makaburini, kwa sababu kipaza sauti kilitaja ndugu wa Ilagala kikamruka yeye wa Bangwe, wakati marehemu alikuwa binamu yake. Alikaa pembeni na kanzu yake safi, akawatazama wenzake wakitoka jasho. Wiki ile ile alikuja mezani kwangu kunigombeza, maana tangazo nililipiga mimi.

Nilikuwa na meza na taipureta kwenye baraza la duka moja Gungu. Nilipiga barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja, malalamiko ya wake kwa waume, na matangazo ya vifo. Haya ya vifo nilitoa nakala tatu: moja ya ubao wa sokoni, moja ya msikiti au kanisa, na moja ya mtangazaji wetu, ambaye alizunguka na baiskeli na kipaza sauti kuanzia Gungu mpaka Ujiji. Yalikuwa na mpangilio wake. Kwanza anayetangaza, kisha jina la marehemu, kisha siku na saa ya mazishi. Halafu ndipo yanakuja maneno ambayo watu wote wanayangoja, habari ziwafikie.

Hapo watoto hutangulia. Hata mtoto aliyekufa zamani hutajwa, kwamba marehemu amemfuata. Orodha ikianza na kaka au mdogo wa marehemu, mji mzima unaelewa kwamba huyo hakuzaa, bila mtu kulisema. Kwa hiyo nilikuwa na desturi ya kumuuliza mteja mara tatu, "Nani mwingine?" Mara ya kwanza humtaja aliyemsahau. Mara ya pili humtaja aliyegombana naye. Mara ya tatu hutoka yule ambaye hawakutaka kumtaja kabisa.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Wapo waliokuja kwa maboti kutoka ng'ambo ya ziwa, wapo waliokuja kwa miguu kutoka Burundi, na mji ulijaa malori na maturubai. Watu wa kambini walianza kuja mezani kwangu na vibali vya siku moja, wananitajia vijiji ambavyo havikuwa na mtu tena. Mmoja aliniletea marehemu wanne kwenye karatasi moja. Siku hiyo nilishindwa kupiga. Baadaye nilizoea, na naona haya kusema kwamba nilizoea upesi. Nilikuwa miongoni mwa waliolalamika kisimani kwamba wakimbizi wamezidi, kuni zimeisha, wezi wamejaa. Nilisema hayo mbele ya mama yangu, na mama aliendelea kujaza ndoo yake.

Kisha ukaja msako. Kiha chetu na Kirundi ni kama watoto wa tumbo moja, kwa hiyo wengi waliotoka Burundi zamani walikuwa wamejichanganya mitaani, wameoa, wamezaa, wamejenga. Sasa ikawa jirani akinong'ona tu, lori linakuja. Walipakiwa watu niliosoma nao shule ya msingi wakapelekwa kambini. Niliyaona malori hayo yakipita mbele ya meza yangu, nikatikisa kichwa, nikarudi kwenye kazi yangu. Yalikuwa mambo ya wenyewe.

Mzee mmoja wa kambini alikuja asubuhi moja, kibali chake amekikunja ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwana wanje," akasema, akiniita mwanawe kwa Kirundi.

Alikuwa amefiwa na dada yake usiku uliopita, kambini. Mazishi kesho saa nane mchana. Aliketi kwenye kigoda akataja taratibu, nami nikapiga. Mdogo wao, mvuvi wa Bangwe. Wapwa zao wawili, Ilagala.

"Nani mwingine?"

Akakumbuka shemeji.

"Nani mwingine?"

Akafikiri, akataja mtu wa ukoo ambaye, alisema, hakustahili.

"Nani mwingine, mzee?"

 Akatazama barabarani, kisha akasogeza kigoda karibu na meza.

"Yupo binti yake. Mtoto wake wa pekee. Alivuka huku kwenye vita vile vya kwanza, akiwa msichana. Hao wengine wana karatasi za kukaa huku, yeye hana, kwa hiyo tulikuwa hatutaki kumtaja, kwa ajili ya huu msako. Lakini marehemu ameacha neno. Alisema, nikiwa hai sikumsumbua, nikifa nataka atajwe. Mwandike wa kwanza, mwana wanje. Aliolewa Ujiji, ni mke wa fundi wa mitumbwi, yule mwenye jicho moja. Siku hizi anaitwa..."

Akataja jina la mama yangu.

Ujiji ilikuwa na mafundi wa mitumbwi wengi, lakini mwenye jicho moja alikuwa mmoja tu, naye ni baba yangu.  Nakumbuka nilitazama mikono yangu juu ya taipureta nikashangaa kwamba bado iko pale. Mama alikuwa mtu wa upande wa Ilagala. Ndivyo tulivyojua sisi watoto wake, na tulipomuuliza habari za kwao alisema, "Kwetu waliisha," akageuza maneno. Mimi niliyesema wakimbizi wamezidi nilikuwa nimenyonyeshwa na mkimbizi.

Nikamuuliza kama huyo binti anajua kwamba mama yake alikuwa kambini.

"Ego, ndiyo, anajua. Miaka mitatu. Alituma mawese, akatuma na kitenge. Mwenyewe hakuja."

Miaka mitatu, na kambi ni mwendo wa saa tatu tu kwa lori. Sikujua nimwonee nani uchungu. Nilichojua ni kwamba baada ya saa chache mtangazaji atapita Ujiji na kipaza sauti, na jina la mama yangu litatajwa mtaa kwa mtaa kuwa ni binti wa mkimbizi, katika msimu ambao mnong'ono mmoja ulitosha kuleta lori.

Sikuandika. Nilipiga mdogo wa Bangwe akawa wa kwanza, wakafuata wapwa wa Ilagala na waliobaki. Mzee hakujua kusoma. Aliomba nimsomee, nami nikamsomea kwa sauti, na pale nilipofika habari ziwafikie nikasoma, "Binti yake aliyeko Ujiji, mke wa fundi wa mitumbwi." Nilisoma mstari ambao haukuwepo, macho yangu yakiwa juu ya karatasi, sauti haikutetemeka. Mzee akafumba macho akaitikia kwa kichwa. Nilikataa malipo yake, naye akaniombea dua ndefu. Kisha akashika njia ya Bangwe, na mimi nikampa mtangazaji nakala yake.

Nilifunga taipureta nikapanda baiskeli kwenda nyumbani. Njia nzima nilijiambia nimemwokoa mama. Nitamweleza taratibu, tutalia ndani, mlango umefungwa, hakuna atakayejua. Nilikuwa najiona mwerevu.

Nilimkuta uani na majirani wawili, wanachambua mikungu ya michikichi, vikonyo upande huu na chikichi upande ule. Nikaamkia, nikaketi, nikashika kichala changu. Nilifungua kinywa mara mbili na mara mbili nikauliza habari za mgongo wake. Majirani hawakuwa na dalili ya kuondoka. Mama alinitazama, akauliza mbona nimerudi mapema, nikasema wateja hakuna.

Ndipo kipaza sauti kikalia barabarani. Sote tukaacha mikono, kama ilivyo ada, maana tangazo la kifo halisikilizwi huku unafanya kazi. Mtangazaji akamtaja anayetangaza. Akamtaja marehemu, jina na jina la baba yake, aliyefariki kambini.

Mama hakupiga kelele. Chikichi moja ilimponyoka mkononi, ikabiringika mpaka kwenye mguu wa jirani, na jirani akaiokota akairudisha kwenye ungo. Uso wa mama ulikuwa umekauka kabisa. Nilimwona akisikiliza kwa mwili mzima, shingo imenyooka, akingoja. Nilijua anachongoja. Aliogopa kutajwa, hilo sina shaka nalo. Lakini alikuwa akingoja kutajwa.

"Habari ziwafikie mdogo wake aliyeko Bangwe," kikasema kipaza sauti, "wapwa zake walioko Ilagala..." Kikamaliza na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo, kikaenda zake.

Jirani mmoja akavuta pumzi. "Maskini. Tasa."

"Labda watoto walikufa vitani," mwenzake akasema.

"Wangetajwa. Waliokufa si hutajwa? Huyo hakuzaa. Kafa ugenini, hana hata wa kumlilia."

Waliyasema kwa huruma, si kwa ubaya. Wakarudisha mikono kwenye chikichi. Na mimi nikaelewa nilichofanya. Kwa muda wote ule nilikuwa nimefikiria lori tu. Mimi niliyejua kazi hii kuliko mtu yeyote mjini, niliyewafundisha wengine mpangilio wake, sikufikiria jinsi orodha ile itakavyosikika bila mstari wa kwanza.

Mama akasimama. Akafuta mafuta ya mikono kwenye kanga yake, kwanza mkono huu, kisha ule.

"Alizaa," akasema. "Alinizaa mimi."

Majirani wakamtazama. Mmoja alianza kucheka, akidhani ni mzaha, akakoma. Mama akakaa chini tena, miguu ameinyoosha mbele, akafungua kilemba, na hapo ndipo akalia, kwa lafudhi ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake maisha yangu yote, maneno ya Kirundi yakitoka moja baada ya jingine. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilikuwa simjui mama yangu. Yule jirani aliyesema tasa aliweka ungo kando, akasogea, akamshika mabega. Mwingine alitoka nje haraka. Nilidhani anakwenda kunong'ona. Alirudi na mkeka.

Mama alipotulia nilimwambia ukweli wote, mbele yao. Kwamba mzee alikuja kwangu, kwamba alimtaja, kwamba nilimwondoa, kwamba nilimsomea mzee uongo. Sikutafuta maneno laini.

Alinisikiliza. "Nani alikutuma?" akauliza.

"Niliogopa, mama."

"Kuogopa ni kwangu. Nimeogopa miaka yote hii na wewe ukakua salama. Kwa nini umenichukulia na hiyo?" Kisha, polepole, "Umemfanya mama yangu tasa."



Baba alipofika na msumeno wake begani, mama alimwambia anakwenda kumzika mama yake, naye hakuuliza kitu. Alijua tangu siku alipomwoa. Alimtengea kitenge na sufuria ndogo, akamfungia samaki wakavu, akatusindikiza mpaka malori yanapoondokea. Mzee alikuwa pale, kibali chake kinaisha jioni ile. Alipomwona mama alimfungulia mikono, wakashikana. Kisha akaniona mimi.

"Huyu ndiye mwandishi," akasema, anamwonyesha mama kana kwamba anamtambulisha mfadhili.

"Huyu ni mjukuu wa marehemu," mama akamwambia. "Hakuniandika."

Mzee alinitazama.  "Lakini ulisoma vizuri sana, mjukuu wangu," akasema, akageuka, akapanda lori.

Niliwasindikiza. Njiani hakuna aliyesema na mimi, nami sikustahili kusemeshwa. Kambi ilikuwa na kizuizi, gogo la mti juu ya mapipa mawili, na mlinzi mwenye daftari. Mzee alionyesha kibali akapita. Mama hakuwa na kibali chochote, maana hakuwahi kuandikwa mkimbizi popote. Mlinzi alikuwa kijana mpole. Alimwuliza anakwenda kwa nani.

"Kwa mama yangu. Tunamzika kesho."

"Pole sana, mama. Lakini nikwambie mapema. Ukisema una mama humu, naandika na wewe ni wa humu. Kuingia sikuzuii. Kutoka ndiko kazi."

"Najua, mwanangu," mama akasema. "Ndiyo maana nimechelewa."

Akainama akapita chini ya gogo, sufuria ameikumbatia kifuani, kabla kijana hajaliinua.