Bismillahi ya Mama Shamila

Sitaki mtu aniambie tena kwamba Stara Mbaruku alifukuzwa kazi kwa sababu ya kiburi. Neno hilo nimelisikia Majengo miaka yote hii, na wanaolisema ni walewale waliokuwa ndani ya magari yao siku ile, vioo wamepandisha kwa ajili ya vumbi. Nilikuwepo. Nilikuwa na gari langu, na nilikuwa kwenye foleni. Nikisema kwa hasira mnivumilie. Msiponivumilia, shauri yenu.

Stara, ambaye wengi tulimwita Mama Shamila kwa jina la binti yake, alikuwa mhudumu wa pampu kwenye kituo cha mafuta cha Abdulnasiri, pale unapoingilia mjini. Mjane, mzaliwa wa Majengo, babu zake walikuja na misafara ya biashara wakanogewa wakabaki. Kazi ya pampu haikuwa ya wanawake. Yeye aliipata enzi za vibali, petroli ilipotolewa kwa karatasi yenye mihuri mitatu na mwenye kituo wa wakati ule akatafuta mtu asiyeiba. Stara hakuiba. Abdulnasiri alipokinunua kituo, alimkuta hapo, akamwachia koti lake la buluu na fimbo yake ya kupimia mafuta.

Lakini watu hawakumfuata kwa uaminifu tu. Walifuata mkono. Lori la kwanza la Matonya, mfanyabiashara wa mtama, lilijazwa na Stara siku lilipofika, akasema Bismillahi, na lori hilo likapanda na kushuka milima ya Kondoa miaka tisa bila kulala ubavu. Basi ikawa desturi. Mtu akipata gari jipya, na jipya kwetu maana yake ni lililotumika kwa wenzetu likashuka melini, hapiti kituo kingine. Analipeleka likafunguliwe na mkono wa Mama Shamila. Langu pia alilifungua yeye.

Hapo ndipo ulafi wa Abdulnasiri ulipoota pembe. Ilikuwa mwaka tisini na tatu, kila kitu ruksa. Zamani petroli ilikuwa petroli, ukiipata unashukuru. Sasa kituo kikawa na pampu mbili, kawaida na supa, na supa bei yake juu. Mtu aliyejifunza kuendesha juzi alikuwa anasimama pale akijadili supa na kawaida utadhani amezaliwa ndani ya injini. Na neno lenyewe, kawaida, likawa tusi. Kwenye pampu ya kawaida wakasimama wenye pikipiki na madereva teksi. Sisi wenye tai tukasimama kwa supa. Hakuna aliyetulazimisha, ni upumbavu wetu wenyewe.

Kisha tangi la supa likapasuka huko chini ya ardhi. Abdulnasiri hakulitengeneza. Jumapili moja alileta mafundi, wakaunganisha mabomba, pampu zote mbili zikawa zinanyonya tangi moja, la kawaida. Kibao cha supa kikabaki, bei ikabaki. Hakumwambia mtu, ila alimsahau mwanamke anayepima matangi kila asubuhi kwa fimbo. Stara akaliona tangi kavu, akaenda kumuuliza. Akajibiwa kwamba kazi yake ni kushika pampu, si kushika mdomo wa tajiri.

Alinyamaza siku kumi na nane. Mnaomsifu sana mseme na hilo, maana mwenyewe hakulificha. Alikuwa na mama mgonjwa, Bi Khairat, na Shamila alikuwa shuleni. Alichofanya ni kumwambia kila mteja kwa sauti ya chini kwamba kawaida inatosha. Aliyeng'ang'ania supa alimtilia, lakini hakusema Bismillahi. Alijaza kimya. Mimi alinijazia kimya mara mbili, nikadhani amenuna.

Siku ya kumi na nane akaja Mzee Nikolaus, mstaafu wa reli kutoka Gulwe. Miaka thelathini na moja ameshika nyundo kwenye mataruma, na kiinua mgongo chake chote kilikuwa kile kigari cheupe, alichotaka kukifanya teksi. Mkewe, Josephine, alikaa nyuma amevaa kitenge cha kanisani. Akasimama kwenye pampu ya supa, mbele yangu kabisa. Stara akamwamkia kwa heshima, kisha akamwambia asogee upande wa pili, gari lile kawaida inalitosha.

Mzee akashuka.

"Wote walionitangulia umewatilia supa," alisema. "Mimi miaka yote nimesafiri daraja la tatu, nimelala wodi ya kawaida, nimekula posho ya kawaida. Leo nimenunua gari kwa jasho langu, wewe unaniangalia viatu unaniambia kawaida?"

Niliuona uso wa Stara. Aliyekuwa anamwokoa mzee ndiye aliyeonekana kumtukana. Na Abdulnasiri akatoka ofisini akichekacheka, kanzu imenyooshwa, akamwambia mzee kwamba gari jipya ni bibi harusi, halilishwi makombo. Kisha akamgeukia Stara.

"Mwambie mzee, Mama Shamila. Mtilie supa, na umsomee Bismillahi yako tuisikie."

Hiyo ndiyo iliyomfika. Kumlipisha mzee zaidi kwa kitu kilekile ni wizi wa kawaida, tuseme hivyo. Lakini jamaa alitaka jina la Mungu, kwa kinywa cha Stara, liwe muhuri wa wizi wake.

Stara akautundika mpira wa pampu. Akaenda ukutani akaichukua fimbo, akainama, akafungua kifuniko cha tangi la supa, akaishusha. Ikagonga chini, na mlio ukapanda juu. Debe tupu haliachi kuvuma. Akaitoa fimbo, akamwekea mzee mkononi. Ilikuwa kavu tangu juu hadi chini.

"Supa yenyewe ndiyo hiyo, baba," alisema. "Leo siku ya kumi na nane. Pampu zote mbili ni tangi moja. Nilikuwa nakuzuia usilipie uongo, na nisamehe kwa waliokutangulia kulipa."

"Vua koti langu," Abdulnasiri alisema.

Mzee Nikolaus aliishika fimbo ile kwa muda, akaipapasa kwa vidole vyake vigumu. Akamwambia Stara amsamehe, yeye alidhani anadharauliwa. Kisha akailaza fimbo chini kando ya pampu ya supa, akasukuma gari lake kwa mikono mpaka pampu ya kawaida, mkewe akiwa bado ndani.

"Nitilie hii," alisema. "Nilichofuata kutoka Gulwe mpaka hapa ni mkono."

Abdulnasiri hakuthubutu kumzuia mbele ya macho yale yote. Stara akajaza, akasema Bismillahi, tukaisikia sote. Kisha akavua koti la buluu, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya pampu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Hakuna gari lililotoka kwenye foleni ya supa. Hata moja. Zamu ikawa yangu. Nyuma yangu dereva wa shangingi la wizara akapiga honi, na ndani ya shangingi alikuwemo mkubwa wangu wa kazi. Pampu ya kawaida ilikuwa hatua tano, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Stara alipita dirishani kwangu akielekea barabarani. Hakunilaumu. Alisema, "Baba Lea, msalimie mama," akaenda zake.

Abdulnasiri akaushika mpira yeye mwenyewe.

"Supa, mheshimiwa?"

Fimbo bado ilikuwa chini, palepale miguuni pake, kavu. Nikamwambia ajaze.

Akajaza. Na alipoanza kujaza akasema Bismillahi kwa sauti kubwa, na mimi nikamlipa bei ya supa.